Hamali Anayekalia Kigoda Kisichoonekana

Saa kumi na mbili asubuhi mvua ya usiku imekatika, lakini mapaa ya udongo ya tembe za Dodoma bado yanadondosha matone. Nyuma ya jiko la Bi Waridi, hatua chache kutoka stesheni ya reli, Gideoni Chibago amekumbatia gunia la ngozi ya ng'ombe lililojaa chumvi ya Bahi. Amelibana kifuani kama ndugu aliyepotea siku nyingi akarudi leo.

Anavuta pumzi. Anashuka taratibu, mgongo umenyooka, mpaka mapaja yake yanalala sawa kama ya mtu aliyekalia kigoda. Kigoda hakipo. Anakaa hewani, anatulia kidogo, kisha anainuka.

"Moja," anasema Bi Waridi bila kugeuka. Mkono wake uko kwenye mwiko, uji wa uwele unatokota.

Mbili. Tatu. Nne. Kwenye ya tano shingo ya Gideoni inatoa mishipa. Kwenye ya sita magoti yanaanza kucheza. Anashuka kwa ya saba, na huko chini anabaki. Hainuki. Anaegemeza gunia ukutani, analiachia, anakaa matopeni.

"Sita," anasema Bi Waridi. "Wiki iliyopita zilikuwa saba."

"Na mwezi wa kumi na mbili zilikuwa kumi," anajibu Gideoni. "Bi Waridi, mimi narudi nyuma."

Bi Waridi anamkabidhi kibuyu cha uji na kuangalia kando.

Zimebaki wiki mbili. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu wa Februari, mwaka 1913, ghala la stesheni litachagua hamali mmoja wa kudumu. Aliyekuwepo amerudi kwao Unyamwezi, na wanaume wanne wanaitaka nafasi yake. Atakayeipata atapewa kipande, yaani kadi ya kazi ya stesheni, na mwenye kipande hicho haguswi.

Asiyekuwa nacho ana habari nyingine. Jumbe ameshapita akitangaza kwamba mwezi Machi wanaume wasio na kazi ya kudumu wataandikwa majina, wapelekwe mashamba ya katani upande wa pwani. Mwaka mzima. Gideoni huchota maji kwa kibarua cha siku hadi siku, na kibarua hakina kipande.

"Binti yangu Loisi ana miezi kumi na moja," anasema. "Nikienda huko nikarudi, atanipisha njiani kama mgeni. Ataniamkia vizuri tu, lakini hatanijua."

Gideoni hajui mwaka aliozaliwa. Anachojua ni kwamba sotoka ilipoingia Ugogo ikafyeka ng'ombe, yeye alikuwa mtoto wa kuchunga ndama, na jioni moja alirudi nyumbani na fimbo peke yake. Kwa hesabu hiyo anakaribia miaka thelathini. Kwao ni Mvumi, ambako alibatizwa na kusoma misheni miaka miwili, "mpaka herufi zikanizoea," kama asemavyo mwenyewe.

Reli ilipofika Dodoma, alikuwa miongoni mwa vijana wa kwanza kuandikwa kubeba vyuma. Walibeba wanane kwa reli moja, mwimbishaji mbele, nyayo zikigonga kwa pamoja. Wakati huo mwili wake ulikuwa haumwombi ruhusa.

Kisha ikaja siku ya utelezi, mwaka 1911, magharibi ya hapa, njia ikielekea Saranda. Wenzake wawili waliteleza wakaachia. "Mzigo wa watu wanane ukawa wa watu sita," anasema, "na mimi nilikuwa nimeinama. Mgongo ukalia kama ukuni mkavu. Nilidhani ni reli iliyokatika."

Alilala miezi mitano. Aliumikwa kwa pembe, akakandwa kwa maji ya moto, akachuliwa kwa mafuta ya kondoo. Mkewe Raheli, mwanamke wa Bahi, ndiye aliyemgeuza ubavu huu na ubavu huu, asubuhi na jioni, kama mtu anayeanika ngozi.

Alipoweza kusimama, kazi ya kubeba vyuma ilikuwa imeshampita, imekwenda na reli yake kuelekea Tabora. Akaokota mzega, mti wa kubebea begani, na madebe mawili, akaanza kuchota maji kwenye visima vya mchanga mtoni na kuyapeleka stesheni. Mwezi ukiwa mzuri anapata rupia tano. Hamali wa ghala hupata kumi na mbili.

Huko kwenye maji ndiko Bi Waridi alikomwona.

Bi Waridi binti Sefu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya pili ya mto, hupikia mahamali uji na maharage. Baba yake alikuwa Mnyamwezi wa misafara, aliyebeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo mara nyingi kuliko vidole vyake. Katika nyumba hiyo watoto wa kiume walifundishwa uzito mapema. Walianza na kipande cha pembe kisichozidi mwiko. Kila mwezi ulipoandama, kipande kiliongezwa kidogo, na kama cha zamani hakijawa chepesi, kipya hakikutolewa.

"Mimi mtoto wa kike sikupewa," anasema. "Basi wakilala mchana, nilikuwa navibeba vyote."

Siku moja mwezi wa sita mwaka jana, alimwona Gideoni ameinama kuinua madebe, mgongo umepinda kama upinde, anagumia. Akampigia kelele kutoka jikoni.

"Wewe Mgogo! Unaokota sindano au unabeba maji?"

"Nabeba maji, mama."

"Kwa nini basi unayabeba kwa mgongo? Miguu umeiazima kwa nani, unaogopa kuichakaza?"

Kazi ilianzia hapo. Mwezi wa kwanza Gideoni hakupewa mzigo wowote. Alipewa kigoda. Akakikalia na kuinuka, akakikalia na kuinuka, hadi Bi Waridi alipokivuta pembeni na kusema, "Sasa kaa bila hicho." Mwezi wa pili akakumbatia mfuko wa changarawe usiozidi uzito wa mbuzi mchanga. Kila Ijumaa mfuko uliongezwa konzi mbili za changarawe.

Wiki ilikuwa na mpango wake, na mpango haukuchezewa. Jumatatu na Ijumaa ni mzigo mzito, mara chache, bila haraka. Jumatano ni mzigo wa nusu, lakini kwa mbio, kupanda na kushuka jabali lililo nyuma ya stesheni, ili miguu isisahau wepesi. Siku za katikati ni maji tu, na Jumapili ni kanisani. Aliyetaka kujifanya mwanamume kwa kunyanyua siku ya mapumziko alinyimwa uji.

"Mwili haujengwi unapobeba," Bi Waridi hueleza. "Unapobeba unaubomoa. Unajijenga ukishakula ukalala. Baba aliwapumzisha kaka zangu hata walipolia kwamba wanataka kubeba."

Mahamali wa ghala walicheka mpaka wakakaa chini. Bushiri, kijana wa mjini mwenye mabega kama mlango, ambaye naye anaitaka nafasi hiyo, ndiye aliyekuwa kinara wa mizaha. Mchana wakila maharage alikuwa akisimama katikati.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mzee wetu anakaa kutwa, lakini kigoda chake hakuna aliyekiona."

"Gideoni!" waliitikia wote, na vijiko vikagonga vyungu.

Gideoni naye hakukubali kulala chini. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Ng'ombe wangu ana mabega manne, miguu hana."

Walifikiri, wakatazamana. "Toa jibu, tunakupa mji. Chukua Tabora!"

"Naichukua Tabora. Jibu ni Bushiri. Juu ng'ombe, chini kuku." Siku hiyo Bushiri alikula maharage yake akiitazama miguu yake.

Mwezi wa kumi na moja mfuko wa changarawe haukutosha tena. Bi Waridi alikuwa amenunua chumvi ya Bahi kwa ajili ya kuuza rejareja, ikiwa kwenye gunia la ngozi lililoshonwa. Wakalipeleka kwenye mizani ya ghala. Abbasi, mnyapara wa mahamali, alilipima mwenyewe. Kilo sitini kamili. Wakafurahi, kwa kuwa sasa walikuwa na uzito wenye jina. Chumvi ya kuuza ikanunuliwa nyingine, na gunia lile likawa la Gideoni. Kwa kuwa ndani ya tembe ya Bi Waridi nafasi yote ni ya unga, gunia likawekwa uwani, chini ya ukingo wa paa.

Mwezi wa kumi na mbili Gideoni alikaa na kuinuka nalo mara kumi. Ndipo mvua zikaanza, na nguvu zake zikaanza kupungua. Kumi zikawa tisa. Mwaka mpya ulipoingia, nane. Bi Waridi akaongeza maharage, akaongeza maziwa ya mgando, akaongeza siku ya kupumzika. Saba. Na sasa sita.

"Nikilala naupapasa mgongo," Gideoni anasema. "Hauumi. Ungeuma ningejua. Lakini unaninyima kitu, na hausemi ni kitu gani."

Asubuhi hiyo hiyo, jua likiwa limepanda kidogo, mtu anapiga hodi mbele ya jiko. Ni Raheli. Ametembea siku mbili kutoka kwao Bahi, anakoishi na mtoto, pamoja na wanawake wanaopeleka mikeka sokoni. Loisi yuko mgongoni, amelala, kichwa kikininginia.

"Shikamoo, Bi Waridi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mume wako yule pale, anapigana na matope."

Raheli hakuja kutembea. Anamfungua mtoto, anamkabidhi Bi Waridi, anakwenda moja kwa moja kwa mumewe.

"Baba Loisi, nimesikia habari za Jumamosi. Usiende."

"Nisipokwenda naandikwa katani."

"Katani utarudi. Nilikugeuza miezi mitano, umesahau? Mimi mikono yangu haijasahau. Mgongo huo ukilia tena, hakuna kurudi." Macho yake yamejaa, lakini sauti imesimama. "Bora mume aliye mbali kuliko mume aliye kitandani."

Gideoni anatazama chini. Hesabu ya mwili wake mwenyewe inakubaliana na mkewe. Anafungua mdomo kusema basi, yameisha, nitakwenda kuandikwa pamoja na wengine.

Lakini Raheli hamwangalii tena. Anaangalia gunia.

"Hili nini?"

"Chumvi ya kwenu. Ndiyo nainyanyua."

Raheli anainama, anabonyeza ngozi kwa kidole. Kidole kinazama, na chini ya gunia maji ya chumvi yanachuruzika na kuchora njia nyeupe kwenye udongo. Anacheka. Anacheka mpaka anashika mbavu, na mtoto mikononi mwa Bi Waridi anaamka.

"Nani ameweka chumvi chini, masika haya?"

"Mimi," anasema Bi Waridi. "Kuna nini?"

"Mama yangu, chumvi inakunywa! Kwetu Bahi chumvi inalala darini, juu ya moshi, hata mtoto anajua. Ukiiacha chini ikaona unyevu, inakunywa kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Baba Loisi, tangu lini unanyanyua hili?"

"Tangu mwezi wa kumi na moja."

"Na mmelipima lini?"

Gideoni na Bi Waridi wanatazamana. Kila Ijumaa changarawe ilikuwa ikipimwa kwa konzi. Chumvi ilipimwa mara moja tu, jua likiwaka, ikaaminiwa.

Wanalibeba hadi ghalani, Gideoni upande mmoja, Raheli upande mwingine. Abbasi amesimama mlangoni na kofia yake ya kitambaa, na mwanzo hataki.

"Mizani hii ni ya serikali. Si ya mambo ya jikoni."

"Bwana Abbasi," Gideoni anasema, "gunia hili ulilipima wewe mwenyewe."

"Nalikumbuka. Sitini kamili. Linataka nini tena?"

"Kuulizwa."

Abbasi anaguna, anawapisha. Gunia linapanda. Abbasi anasogeza jiwe la mizani, anasogeza tena, anainama kutazama, anavua kofia.

"Sabini na moja."

Bushiri, aliyekuja kushuhudia kichekesho, anainama naye kuisoma mizani.

"Sabini na moja," Abbasi anarudia. "Na wewe Gideoni hili unakaa nalo na kuinuka nalo? Mara ngapi?"

"Leo sita."

"Magunia ya mtama ya Jumamosi ni kilo sabini na tano kila moja. Na hayo ni ya kuweka begani, hakuna anayekaa nayo." Abbasi anavaa kofia yake. "Kijana, hukurudi nyuma. Mlima ulikuwa unakua chini ya miguu yako."

Gideoni hacheki. Anaketi kwenye ukingo wa jukwaa la stesheni, safari hii kitu chini yake kipo, anafunika uso kwa viganja, na mabega yake yanatikisika. Miezi miwili alikuwa akiusingizia mgongo wake uongo.

Bi Waridi ndiye aliyeumia kidogo. "Baba yangu alibeba pembe," anasema, akimpigapiga Loisi mgongoni. "Pembe hainywi maji. Mambo ya chumvi hakunifundisha." Kisha anamgeukia Raheli. "Na wewe ulikuwa wapi miezi yote hii, mwanangu?"

Bushiri amesharudiwa na ulimi wake. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Halina mdomo wala tumbo, lakini likilala nje masika linaamka limenenepa."

"Gunia la Bi Waridi!"

Jioni hiyo Raheli anampa mumewe jibu lake. "Jaribu. Lakini mimi siondoki Dodoma. Nitasimama pale pale niuangalie mgongo huo kwa macho yangu. Ukianza kupinda, nitakuita kwa jina, na utatua. Sawa?"

"Sawa."

"Niapie."

"Mama Loisi, naapa."

Wiki ya mwisho ni ngumu kuliko zote, kwa kuwa hakuna kazi. Jumatatu Gideoni ananyanyua gunia mara tatu tu na kuambiwa aondoke. Kuanzia Jumatano haruhusiwi kitu. Hata madebe ya maji anabebewa na Raheli, na Gideoni anaona haya kupita mbele ya watu mikono mitupu. Upande wa pili wa ghala, Bushiri anapanda ubao na magunia kila siku asubuhi hadi jioni, watu wakimshangilia.

"Bi Waridi, nichukue hata changarawe," Gideoni anaomba siku ya Alhamisi.

"Huchukui hata kijiko. Mtoto wako akikulilia, abebwe na mama yake."

Jumamosi inaamka bila mvua. Ubao umewekwa kutoka ardhini hadi mlango wa behewa, mwinuko wa hatua sita. Sharti ni kupandisha magunia kumi kila mtu, na atakayetangulia kumaliza ndiye anayeichukua kazi. Atakayedondosha gunia, au atakayelitua njiani, ametoka. Na gari la moshi la Morogoro lisiwakute, kwa maana kengele ya kuwasili kwake ndiyo kengele ya mwisho. Mzungu wa stesheni ameketi kwenye kiti chake, saa mkononi. Abbasi ana kokoto mfukoni za kuhesabia. Siku hiyo, kabla ya yote, anapima magunia yote arobaini, moja moja, na hakuna anayemwuliza kwa nini.

Wanaume wanne wanaanza. Bushiri anapanda kwa mbio, anashuka kwa mbio, gunia begani kama mto wa kulalia. Gideoni anakaa chini ya gunia lake, mgongo umenyooka, anainuka nalo, anapanda hatua kwa hatua. Akishalitua ndani ya behewa anasimama, mikono kiunoni, na kupumua mara tano. Anazihesabu. Kisha ndipo anashuka.

"Gideoni, gari linatoka Morogoro, halitoki mbinguni!" anapiga kelele mtu.

"Mleteeni kitanda humo ndani!"

"Kimya!" Bi Waridi anawarushia sauti. "Nyinyi mtakula maharage ya nani kesho?"

Mmoja anatoka kwenye gunia la tano, amekaa chini anatapika. Mwingine anatoka kwenye la sita. Bushiri yuko la nane, Gideoni yuko la sita. Mbali, upande wa mashariki, moshi mwembamba unaonekana juu ya vichaka.

Kwenye la nane Gideoni anahisi kitu. Si maumivu, ni kama mtu amemgusa kiuno kwa kidole baridi, mahali pale pale pa mwaka ule. Yuko katikati ya ubao. Anasimama. Raheli ameishika kaniki yake kwa mikono miwili, midomo imefunguka, jina liko ulimini.

Haliiti. Anaangalia mgongo wa mumewe, na mgongo umenyooka kama mwimo wa mlango.

Gideoni anakunja magoti kidogo, anashusha uzito miguuni, anapanda. Nane.

Wakati huo Bushiri ana gunia la tisa begani, na miguu yake imekwisha. Tangu Jumatatu iliyopita hakuipumzisha hata siku moja. Anafika mwanzo wa ubao, anaweka unyayo, goti linakataa. Anajaribu mguu wa pili. Unakataa nao. Anasimama hapo, anatetemeka, jasho linamtoka puani, kisha anainama na kulitua gunia chini polepole, kwa adabu, kama mtu anayemlaza mgonjwa.

Anabaki Gideoni peke yake, na moshi ule si mwembamba tena. Tisa. Anapumua mara tano, watu wanapiga kelele ashuke, yeye anahesabu. Anashuka. Anakaa, anakumbatia, anainuka. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Filimbi ya gari inalia nje ya mji. Ya nne. Ya tano. Mtu wa stesheni anashika kamba ya kengele. Ya sita.

Gunia linatua ndani ya behewa kwa kishindo, ndipo kengele inalia.

"Kumi!" anasema Abbasi, na kuzimwaga kokoto zote chini.

Mzungu anaitazama saa yake, anatikisa kichwa kukubali, anaandika. Raheli hashangilii. Anapanda ubao ule ule, anaingia behewani, anaweka kiganja chake kwenye kiuno cha mumewe mbele za watu wote, anabonyeza.

"Hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana, mama Loisi."

Ndipo anapolia.

Wiki iliyofuata karani wa jumbe alikuja na daftari lake, akasimama uwanjani kuita majina ya kwenda katani. Alipofika kwa Gideoni Chibago, kabla mwenyewe hajafungua mdomo, Abbasi alijibu kutoka mlangoni: "Huyo wa ghala." Karani alichora mstari na kuendelea na jina la chini yake. Wanaume kumi na saba waliondoka siku ile. Gideoni aliwabebea mizigo yao hadi kwenye behewa, na hakupenda kuizungumza siku hiyo zaidi ya hapo.

Bushiri hakuandikwa, kwa kuwa mjomba wake ana duka na alimweka kwenye orodha ya watu wa dukani. Lakini kupima kitambaa hakukumfaa. Siku ya tatu alikuja nyuma ya jiko, akasimama akikuna kichwa.

"Kaka Gideoni."

"Naam."

"Wanasema mwezi wa nane, karanga zikijaa, ghala litaongeza watu wawili."

"Nimesikia."

"Miguu yangu ya kuku... inatibika?"

Sasa ni katikati ya Machi. Raheli hakurudi Bahi. Wamepanga chumba karibu na jiko, na chumvi ya Bi Waridi inakaa darini, juu ya moshi, kwa amri ya Raheli. Uwani kuna kitu kipya. Ni vipande vya reli, masalio yaliyokatwa na mafundi na kuachwa kwenye majani tangu njia ilipojengwa. Gideoni aliviomba, na Abbasi akamsemea kwa Mzungu. Viko saba, kuanzia kimoja cha urefu wa kiganja hadi kimoja kinachomfika mtu kiunoni. Kila kimoja kimepimwa na kupakwa chokaa namba yake.

"Chuma hakinywi mvua," Gideoni anasema. "Kikikushinda leo, ujue ni wewe. Kikiwa chepesi kesho, ujue pia ni wewe."

Mpango wake ni kuvifikisha kumi na viwili, kujenga kibanda cha kuvikinga na jua visiunguze viganja, na kuwakaribisha watu walioumia kwenye reli. Anawajua tisa kwa majina, kutoka hapa hadi Kilimatinde, wanaoketi nyumbani kwa sababu siku moja waliinama vibaya. Bi Waridi atapika. Wa kwanza wawili wameshaanza kuja, mmoja anaumwa bega, mwingine goti.

Asubuhi hii Bushiri anakaa na kuinuka akiwa na kipande cha pili kwa udogo, na analalamika tangu alipofika. Loisi, ambaye wiki hii ameanza kusimama mwenyewe, ameshika kipande kikubwa kuliko vyote. Anakiachia. Anaona kokoto inayong'aa chini, na anaishukia. Visigino vimekanyaga, magoti yamekunjika, mgongo umenyooka kabisa. Anaiokota, anainuka nayo.

Gideoni anamgusa Bushiri begani.

"Acha kunitazama mimi," anasema. "Mtazame huyo. Hakuna aliyemfundisha."

Bushiri anamtazama. Anasogeza visigino vyake, ananyoosha mgongo, anashuka tena.